Kipimo cha Mwezi Ule

Jumanne, 3 Februari

Mwenzangu,

Leo Meneja ameniita ofisini kwake, nami nimetoka humo na kazi ambayo ingekuwa yako. Nimeona nikuandikie. Zamani ningekusimulia jioni, wewe ukimenya viazi na kunikatiza kila nikifika patamu. Daftari halikatizi, na hilo ndilo kosa lake.

Habari yenyewe ni hii. Bohari letu la dawa linataka seva mpya kabla mvua kubwa hazijaanza. Ile kuukuu, uliyokuwa ukiiwekea kiganja kila asubuhi kama mtu anayepima homa ya mtoto, imeanza kukohoa. Meza yangu ya oda imepakana nayo ukuta kwa ukuta, kwa hiyo kila kikohozi nakisikia. Ndani ya seva hiyo ndimo yalimo maombi yote ya dawa kutoka zahanati, hesabu za stoo, malipo na mishahara. Ikikata roho wakati wa mvua, lori litasimama uani na hatutajua limpelekee nani nini.

"Kamati ya kuchagua seva ina watu watatu," Meneja alisema. "Mimi, Mhandisi, na wewe."

"Mimi najua oda, Meneja. Seva naijua kwa sauti tu."

"Sauti inatosha, mama. Mimi hata sauti yake siijui. Kikilia kitu huko ndani nadhani ni jokofu."

Nilicheka, kisha nikaogopa. Mpaka sasa ninapoandika sijaacha.

Jumatano, 4 Februari

Feni imelia asubuhi, ikanyamaza, ikalia tena. Sikula mchana.

Jumatatu, 9 Februari

Kikao cha kwanza. Mhandisi ni yule binti aliyeajiriwa Desemba kushika mitambo yako. Huvaa viatu vya mpira visivyo na sauti, hivyo unainua macho unamkuta amesimama mbele yako. Nilikuwa simpendi kwa ajili hiyo, na kwa ajili ya kiti. Kiti chako anakikalia yeye.

Lakini anaeleza vizuri. Hakuanza na mashine.

"Tukitaka kujua ukubwa wa seva, tujue kwanza ukubwa wa siku," alisema. "Siku yenu nzito kuliko zote ikoje?"

"Nzito kiasi," Meneja akajibu.

"Kiasi gani?"

Nikajibu mimi. Nilimwambia juu ya siku zile za mwisho kabla njia ya ng'ambo ya mto haijafungwa na maji, zahanati zote za upande ule zinapoagiza dawa za msimu mzima kwa pamoja. Siku hiyo wahasibu nao hawaachi kuchapa, stoo nao wanahesabu, na kila mtu anaigombania mashine ileile.

"Basi tunanunua kwa ajili ya siku hiyo," Mhandisi akasema. "Sufuria huinunui kwa walaji wa kila siku. Unainunua kwa siku ya wageni."

"Na siku nyingine zote inakaa juu ya kabati ikikusanya vumbi," akasema Meneja. "Tena vumbi la bei ghali."

Kisha Mhandisi akasema hakuna haja ya kukisia, vipimo vipo. Watu wa muuzaji wa seva walifunga programu ya kupima kwenye seva kuukuu mwaka jana, ikapima mwezi mzima: prosesa, ubongo wake, inafanya kazi kiasi gani, memori, meza yake ya kazi, inajaa kiasi gani, diski zinaandika kwa kasi gani. Matokeo ni kwamba, ukiacha siku ya kwanza ambayo programu yenyewe ilikuwa ikijipanga, hata pale ilipofanya kazi sana, haikufika theluthi ya nguvu zake.

"Ulikuwa mwezi gani?" nikauliza.

"Mwaka jana, mama." Meneja alijibu kwa ile sauti wanayoitumia wote nami siku hizi, sauti ya mtu aliyebeba yai kwenye kijiko. Mhandisi akafunga faili polepole. Sikuuliza tena. Nilijua nikiuliza tena nitaletewa maji ya kunywa.

Jumanne, 17 Februari

Muuzaji amekuja na picha za mashine kwenye karatasi za kung'aa. Ni mtu mnene, mchangamfu, anapangusa kipaji cha uso kwa leso hata kwenye kiyoyozi. Ametupangia mbili mezani. Moja kubwa, yenye prosesa mbili na memori ya kutosha mji mzima. Nyingine ya kati, nusu ya ile kwa kila kitu, na bei yake nusu.

"Kwa kipimo chenu," alisema, "hii ya kati itawabeba miaka mitano, na bado itakuwa inapiga miayo."

Nilikusanya ujasiri nikauliza jambo lililonisumbua tangu kikao kile. Kama mashine ya zamani ilikuwa inatumia theluthi tu ya nguvu zake, mbona inakohoa?

"Uzee, mama. Hata mimi nikipanda ngazi nakohoa, na wala sijabeba kitu."

Wote walicheka. Mimi pia. Jibu lilikuwa na akili, na mtu aliyesoma ndiye aliyelitoa, na mbele yetu kulikuwa na kipimo cha mwezi mzima kimechorwa kwa rangi.  Hofu yangu niliihesabu kuwa ni hofu ya mjane tu, ambaye akisikia kikohozi anafikiria jeneza.

Mhandisi alikuwa na masharti yake. Diski zinakiliane mbilimbili, moja ikifa nyingine iendelee. Kifaa cha kupokea umeme kiwe pacha. Na nafasi za memori zisijazwe zote kwa vipande vidogo vidogo. Viwe vipande vikubwa vichache, nafasi nyingine zibaki tupu.

"Nafasi tupu za nini?" Meneja aliuliza. "Tunalipia hewa?"

"Tunalipia kesho," akasema yule binti.

Nikakukumbuka ulivyojenga lile kabati la jikoni na kuacha rafu mbili hazina kitu. Nilikununia wiki nzima.

Meneja amechagua ya kati. Mhandisi ametia saini, nami nimetia.

Jumatano, 18 Februari

Mama yako ameniuliza, "Wamekupa kazi ya mwanangu?"

"Wamenipa kuketi kwenye kikao tu, mama."

"Mwanangu alipokuwa mdogo alifungua redio yangu aone msomaji wa habari anakaa wapi. Hakuirudisha mpaka leo." Akafikiri kidogo. "Kaketi vizuri, lakini."

Alhamisi, 26 Februari

Muuguzi wa zahanati ya mwisho huko ng'ambo amepiga simu. Hatujawahi kuonana uso kwa uso, ila sauti yake naijua kama ya dada yangu. Ana wagonjwa wa kifafa, watoto wengi wao, wanaokunywa dawa kila siku ya Mungu.

"Mwaka huu mawingu yamekuja mapema, dada. Mnajiandaa huko?"

"Tunanunua mashine mpya."

"Mashine mimi siila. Nataka kujua maboksi yangu yatavuka kabla ya maji. Njia ikifungwa sisi huku ni kisiwa, na mtoto wa kifafa ukimkatisha dawa hafiki mwisho wa mwezi salama."

Nikamwambia yatavuka. 

Ijumaa, 6 Machi

Matone ya kwanza. Paa la bati la stoo limelia kidogo, likaacha.

Jumatatu, 16 Machi

Seva mpya ilifika Ijumaa. Wameitoa kwenye boksi kama watu wanaomtoa mtoto kwenye maji ya kuoga. Ni pana na bapa, hailingani na lile sanduku lako la kusimama. Mhandisi na Muuzaji wameipachika kwenye fremu, wakafunga skrubu, wakahamisha kila kitu toka Jumamosi mpaka leo mchana. Programu ya oda imefunguka. Zahanati ya karibu imeagiza glovu, na glovu zikaonekana kwenye kioo cha kompyuta yangu. Watu wakapiga makofi.

Walipokisafisha chumba, nyuma ya mlango waliukuta mwavuli wako. Mhandisi ndiye aliyeniletea. Ameuweka tu kwenye kona ya meza yangu na kuondoka na viatu vyake visivyo na sauti. Nimeanza kumwona kwa jicho jingine.

Kisha wakaizima ile kuukuu. Meneja alitaka iwashwe tena mara moja ahakikishe kwamba, mambo yakiharibika, tunaweza kurudi nyuma. Haikuwaka. Wamebonyeza, wamebadilisha waya, wamesubiri. Kimya.

"Imengoja mgeni aingie, ndipo ikalala," Muuzaji alisema.

Kwa hiyo hatuna pa kurudi. Mpya haina kelele kabisa. Nimeegemeza sikio ukutani kama mtoto, sikusikia chochote. Nilikuwa naogopa kikohozi. Sasa naogopa huu ukimya.

Jumatano, 25 Machi

Mishahara inaandaliwa. Mchana kile kiduara cha kusubiri kwenye kioo kilizunguka, kikazunguka, kikazunguka. Kutoka chumba cha wahasibu nikasikia sauti ya Mhasibu Mkuu, mama ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe: "Jamani, bibi harusi bado anavaa?" Tangu hapo jina la seva yetu ni Bibi Harusi.

Mhandisi hakucheka. Amesema memori imejaa karibu yote. "Kwa kipimo tulichonacho, haikupaswa kufika hapa."

"Labda kwa sababu ni mpya," nikasema, kumpoza.

"Mashine haina upya wala ukale wa namna hiyo, mama."

Alhamisi, 26 Machi

Kiduara.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimetumia mwavuli wako. Ubavu mmoja umepinda, kwa hiyo bega la kushoto limelowa. Ulikuwa unatembea upande wangu wa kushoto. Labda ndiyo maana sikujua kwamba umepinda.

Jumatatu, 6 Aprili

Watu wa barabara wametoa tangazo. Daraja la mto litafungwa Ijumaa adhuhuri, na halitafunguliwa mpaka maji yapungue. Kwa hiyo zahanati zote za ng'ambo zitaagiza Alhamisi, wanapomaliza kuhesabu dawa walizobakiwa nazo, na lori liondoke jioni hiyohiyo.

Alhamisi ndiyo siku ya wageni. Nimemwona Mhandisi akitazama grafu zake, anauma kucha.

Jumanne, 7 Aprili

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Asubuhi Dereva wa lori, yule rafiki yako mrefu anayeinama kila mlango, alikuwa amesimama mbele ya meza yangu akisubiri karatasi za mzigo. Kiduara kilikuwa kinazunguka. Akapiga miayo, akasema, "Afadhali hata zile siku za karatasi, shemeji."

"Siku zipi za karatasi?"

Akaanza kufunga vifungo vya shati ambavyo vilikuwa vimefungwa.

"Shemeji, nakuuliza wewe."

"Nimeropoka tu."

"Kaa chini uropoke vizuri."

Akakaa. Akanieleza, huku anatazama magoti yake. Wiki ileile uliyozikwa, ukazikwa na usingizi wangu pamoja nawe, umeme ulikatika hapa kazini. Ulipofika tena, seva iliwaka, taa zake zote kijani, lakini programu ya oda haikufunguka. Kulikuwa na mpangilio wa kuiwasha, kitu hiki kwanza, kile kifuate, na aliyeujua ni wewe peke yako. Wakakaa na kalamu na karatasi, oda zikipokewa kwa simu, mpaka fundi wa kukodi alipokuja mwisho wa mwezi akapata njia.

"Kwa nini sikuambiwa?"

"Ungeambiwaje, shemeji? Urudi kazini na macho yale, tukwambie mumeo katuacha gizani? Tulikubaliana wote tufunge midomo. Hata Mhasibu Mkuu, na mdomo wake unaujua."

Nilitaka kucheka kwa ajili ya Mhasibu Mkuu.  Badala yake nilikumbuka asubuhi yako ya mwisho ya kwenda kazini. Mbingu ilikuwa nyeupe, kavu, na wewe umeshika mwavuli. Nikakucheka. Ukasema, "Nicheke tu. Leo wanatufungia kipimo, mwezi mzima. Angalau tutajua ile mashine inabeba nini." Jioni ulirudi bila mwavuli, ukalala mapema, na asubuhi hukuamka.

Kipimo kilipima mwezi ule. Kilipima mashine iliyowashwa, ikingoja watu, na watu hawako. Siku moja ya kazi, halafu msiba, halafu karatasi. Bibi Harusi tulimnunulia nguo kwa kipimo cha nyumba iliyofiwa.

Muuzaji hakujua tulikuwa kwenye karatasi. Mhandisi alikuwa hajaajiriwa. Meneja alijua karatasi, ila hakuwaza kwamba programu ya kupima ilikuwa inapima mashine isiyotumiwa na mtu. Mimi nilijua siku ya kipimo, na karatasi nikafichwa. Kila mmoja alikuwa na kipande chake mfukoni, na hakuna aliyekitoa, kwa kuwa wote walikuwa wananihurumia.

Niliingia kwa Mhandisi, nikamweleza. Hakuniambia pole, na nilimshukuru kwa hilo. Akavuta kile kipimo cha rangi, akaweka kidole kwenye siku ya kwanza, pale mstari ulipopanda kama mlima, halafu akakiburuta mpaka mwisho wa mwezi, tambarare.

"Nilidhani huu mlima ni programu ya kupima ikijipanga," alisema. "Ni nyinyi. Ni siku ya kawaida."

"Alhamisi itakuwaje?"

"Itajaa mpaka ikwame."

"Zile nafasi tupu?"

"Zipo. Lakini memori zenyewe hazipo hapa." Akampigia Muuzaji papo hapo, simu ikiwa wazi nisikie. Muuzaji alisikiliza bila utani hata mmoja. Alisema vipande vitachukua wiki mbili kufika. Kisha akasema, "Mama yuko hapo? Mwambie sikujua. Ningejua nisingewaletea hii."

Meneja tulimkuta anafunga mkoba aondoke. Alisikiliza amesimama, kisha akaketi. Aliponitazama hakuwa na sauti ya yai tena.

"Hatukutaka usikie kwamba hakumfundisha mtu," alisema.

"Ni kweli hakumfundisha mtu, Meneja. Hata kabati la jikoni mimi sijui lilivyofungwa. Lakini mngeniambia."

"Tungekwambia," akakubali.

Jumatano, 8 Aprili

Muuguzi: "Maji yamefika kwenye alama nyekundu. Dawa za kifafa zinaishia Jumapili. Nitaagiza kesho asubuhi, dada. Usinitupe."

Ijumaa, 10 Aprili

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo mchana, nikiwa bado sina habari.

Alhamisi nilifika kazini mapema, nimelowa bega. Oda za kwanza ziliingia vizuri na nikaanza kujidanganya. Halafu zahanati zikaamka zote. Kioo kilikuwa kinajaa mistari, kila mstari kijiji kizima, kisha mistari ikaacha kuingia. Kiduara. Nikabonyeza, hakuna. Stoo wakapiga kelele kwamba karatasi za mzigo hazitoki. Simu ikalia, ikakatika, ikalia tena.

"Dada, nimetuma. Imefika?"

"Sioni bado, muuguzi."

"Nitume tena?"

"Usitume tena, utailemea. Ngoja hapohapo."

Mhandisi alikuja akakaa sakafuni kando ya meza yangu na kompyuta yake mapajani. Uso wake ulikuwa umekauka. Alisema memori imekwisha, mashine sasa inasukuma kila kitu diskini na kukirudisha, kama mtu anayehamisha nyumba kwa kijiko. Ikiendelea hivyo itaganda, na ikiganda tutaizima kwa nguvu, na ikizimwa kwa nguvu katikati ya kuandika, hajui oda zipi zitapona.

Nilifikiri juu ya ile seva kuukuu iliyolala nyuma ya mlango, isiyowaka. Nilifikiri juu yako, ambaye ungejua la kufanya, na nikakukasirikia, mwenzangu, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Halafu yule binti akaniuliza:

"Mama, mwezi ule, nani alikuwa anaitumia mashine?"

"Hakuna mtu."

"Basi hii imenunuliwa kwa mwezi ule, na mwezi ule inaubeba bila shida. Tuirudishie."

Sikuelewa mpaka alipomwendea Meneja na kumnong'oneza, na Meneja akaanza kupita chumba hadi chumba. Nilimsikia kwenye korido.

"Tokeni kwenye mfumo. Zimeni kabisa, msiache dirisha hata moja."

"Na mishahara?" ilikuwa sauti ya Mhasibu Mkuu.

"Mishahara itangoja."

"Hapo umenigusa penyewe, Meneja."

"Zima, mama."

Kompyuta zote zikazimwa isipokuwa yangu na ile ya stoo inayotoa karatasi za mzigo. Watu walikuwa hawana pa kwenda kwa sababu ya mvua, basi wakaketi kwenye mabenchi ya korido, mikono mapajani. Mlango wangu ulikuwa wazi. Niliinua macho nikawaona. Walikuwa watu walewale, wameketi vilevile, kama walivyoketi ukumbini kwetu siku za msiba wako. Hata Mhasibu Mkuu alikuwa ameinamisha kichwa. Alitaka kumwambia jirani yake kitu, akajizuia. Wote wanasubiri, na hakuna anayegusa kitu.

Nilidhani nitalia. Lakini kioo kilitikisika, na mstari mmoja ukaingia. Halafu mwingine. Nikasoma, nikalinganisha na stoo, nikaidhinisha, na nikasikia mashine ya kuchapa upande wa pili ikitoa karatasi. Sikuinua tena kichwa. Dawa za malaria, maji ya mishipa, nyuzi, glovu. Kila mstari nilikuwa namtafuta Muuguzi.

Ulikuja karibu na mwisho. Nilipiga simu.

"Muuguzi, nimekuona."

 Nikamsikia analia kidogo, kisha akasema, "Nipe mzigo wangu, basi, usinikodolee macho."

Dereva aliondoka giza likianza kuingia. Aliinama dirishani kwangu: "Shemeji, nikikwama ng'ambo, mwambie mke wangu nimekwama kazini, asije akasikia mengine."

Hiyo ilikuwa jana. Leo adhuhuri daraja limefungwa. Simu ya Dereva haipatikani. Mvua haijapumzika hata kidogo. Nimekaa na mwavuli magotini kama mtu anayesubiri kuitwa.

Ijumaa, jioni

Bado.

Jumamosi, 11 Aprili

Ujumbe wa Muuguzi, asubuhi: "Maboksi yote yamefika, makavu. Dereva wenu yuko hapa anakula kana kwamba amezaliwa leo. Nimruhusu alale au nimtoze?"

Nimemsomea mama yako. Akasema, "Mtoze." Kisha akaenda chumbani kwake, na nikamsikia anamshukuru Mungu kwa sauti ya chini.

Jumatano, 22 Aprili

Vipande vya memori vimefika. Muuzaji alivileta mwenyewe, ndani ya koti ili visilowe, na hakutaka kukaa. Mhandisi alivipachika kwenye zile nafasi tupu. Vililia kimoja kimoja, tak, kama vifungo vya mkoba. Meneja alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Ile hewa tuliyolipia," alisema.

Kiduara hakijaonekana leo. Namshangaa mtu anayeweza kulitamani jambo dogo namna hii.

Alhamisi, 14 Mei

Mwenzangu,

Mvua zinaondoka. Leo umeme umekatika mchana, na betri ya akiba ikaisha kabla jenereta haijakubali. Bibi Harusi akazimika. Mhandisi hakuwapo, yuko likizo kwa wazazi wake. Niliuona uso wa kila mtu ukinigeukia, kisha kugeuka haraka upande mwingine, kwa mazoea.

"Msigeuke," nikawaambia. "Njooni muone."

Tangu mwezi uliopita tunafundishwa watu watatu: mimi niliye kijakazi wa hofu tangu zamani, kijana mmoja wa stoo, na Mhasibu Mkuu, ambaye anasema akifa tutamsikia bado anatoa maelekezo. Niliingia chumbani kwako. Kwanza diski, nikangoja taa. Kisha mtandao. Kisha hifadhi ya oda, na hapo usiharakishe, hesabu pumzi zako. Mwisho programu yenyewe.  Nilikosea herufi moja ya neno la siri, nikarudia. Ikafunguka.

Niliweka kiganja juu ya mgongo wa Bibi Harusi. Ni ya uvuguvugu tu. Sijui ulikuwa unasikiliza nini kwa kiganja kile. Sikukuuliza, nilidhani tuna muda. Mimi nilisikia mtetemo mdogo, na nikaogopa, na sikuuondoa mkono.

Bado naogopa, sikufichi. Naogopa feni, naogopa mawingu, naogopa kuzoea. Lakini siku nikiwa sipo, hapa hawatarudi kwenye karatasi, na hakuna atakayehitaji kumfichia mtu.

Mwavuli nimeupeleka kwa fundi, ubavu umenyooka. Huko uliko, nikumbuke.